Besi ya Aroni Kalinga

Jumatatu, 17 Novemba

Mvua imeanza leo saa nane mchana. Hapa karibu na Igowole haianzi kwa radi kama kwetu Mbeya. Unakuja ukungu, ukungu unakuwa mzito, halafu unagundua umelowa.

Hii ni wiki yangu ya pili kama karani wa usharika. Nipo kwenye majaribio ya miezi sita. Mchungaji Sosthenes amenipa kazi ya kuingiza vitabu vyote vya zamani kwenye kompyuta kabla ya Pasaka: ubatizo, kipaimara, ndoa, mazishi, mihtasari ya wazee wa kanisa, na kitabu kimoja chembamba chenye jalada jeusi, cha watu waliotengwa na kanisa. Nilipomuuliza nianze na kipi alisema, "Anza na chochote, Tumpe, ila usikosee majina ya watu." Tangu hapo silali vizuri. Leo jina moja la mwaka 1958 nimelilinganisha herufi kwa herufi mara nne.

Naandika daftari hili kwa sababu nina maswali mengi ninayoogopa kumuuliza mtu. Nikiyaandika yanatulia kidogo.

Jumatano, 19 Novemba

Mvua. Watoto kumi na saba wa mwaka 1959 walibatizwa kwa jina moja la Kijerumani. Kwa nini mwaka ule tu? Wazazi waliowachagulia hawapo tena wa kuulizwa.

Jumapili, 23 Novemba

Mpiga gitaa la besi wa kwaya amehamia Makambako. Mwalimu wa kwaya aliuliza nani anajua kupiga, na mkono wangu ukainuka kabla sijauruhusu.

"Karani!" akasema mmoja wa waimbaji wa sauti ya tatu. "Utaipiga au utaiandikia barua?"

Wakacheka mpaka nilipoanza. Kisha wakaacha kucheka, nami nikaogopa zaidi.

Nyuma ya mahali inapokaa kwaya kuna dirisha. Nje ya dirisha, chini ya paa, kuna ubao, na juu ya ubao alikaa mzee mwenye koti jeusi, mgongo wake ukutani, kofia magotini. Hakuingia hata mara moja. Ibada ilipokwisha alikuwa ameshaondoka.

Jumanne, 25 Novemba

Nimemuuliza Mama Yusta anayefanya usafi kanisani.

"Yule? Huyo ametengwa."

"Tangu lini, mama?"

"Mimi nimeolewa hapa nimemkuta nje. Watoto wangu wamezaliwa wamemkuta nje. Alikuwa anapiga mziki wa shetani huko Mbeya, yale magitaa ya kupasua masikio. Mzee Aroni huyo. Aroni Kalinga."

Nilimwagia chai kitenge changu.

"He! Umeng'atwa na nini?"

Nikamwambia chai ilikuwa ya moto.

Jumatano, 26 Novemba

Nataka hili niliandike vizuri, maana sijawahi kumwambia mtu.

Baba yangu alikuwa fundi wa reli, na nyumbani kwetu Iyunga tulikuwa na redio kaseti moja na kanda chache. Moja ilikuwa ya bendi iliyoitwa Loleza Roki: vijana watano wa Mbeya waliokuwa wakisikiliza roki kwenye redio ya ng'ambo ya mpaka, Zambia, wakaamua kuipiga kwa Kiswahili. Nyimbo sita, zilizorekodiwa kwenye ukumbi wa shule kwa maikrofoni moja. Kwenye karatasi ya kanda baba aliandika majina ya wapigaji kwa kalamu ya wino. Mstari wa mwisho ulisomeka: Besi, A. Kalinga.

Baba alipenda gitaa. Kila wageni walipokuja aliwaambia, "Sikilizeni kijana huyu anavyolia na gitaa." Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, naumwa malaria, nimelala sikio langu likiwa karibu na spika, na chini ya kelele zote nikasikia mtu mwingine. Alikuwa kama mtu anayetembea taratibu chumba cha pili huku wenzake wakigombana sebuleni. Tangu siku ile sikumsikiliza mwingine.

Katika wimbo wa kwanza anapiga noti mbili tu, ubeti mzima, mpaka unaitamani ya tatu kama maji. Anakupa kwenye kiitikio, mara moja, basi. Katika wa nne mwimbaji anaposhuka yeye anapanda, wanapishana njiani kama watu wanaosalimiana kwenye ngazi. Na katika wa tatu anachelewa. Gitaa na dramu zinagonga pamoja, yeye anaingia baadaye kidogo, muda wa kumeza mate. Nilidhani ni kosa. Lakini ni kosa gani linarudiwa mara arobaini na nane kwa kipimo kile kile? Nimehesabu.

Nilijifunza kwake. Nilianza kwa gitaa la shule lenye nyuzi mbili, nikaendelea kwenye kwaya ya Iyunga. Kila nilichopiga nilikipima kwa ile kanda. Naogopa barua, naogopa simu, naogopa mtu akiniita kwa majina yangu yote mawili. Nikishika besi siogopi. Ni yeye aliyenifundisha kwamba mtu anaweza kuubeba wimbo mzima bila kuonekana.

Baba aliniambia Kalinga alifia Zambia. Kumbe yuko hai, na kila Jumapili yuko hatua moja nyuma ya mgongo wangu, upande wa pili wa ukuta.

Kwa nini anachelewa?

Jumapili, 30 Novemba

Majilio, Jumapili ya kwanza ya kungoja Krismasi. Nilijua yuko pale. Nyimbo zote nilizikimbiza.

Jumatatu, 1 Desemba

Mzee Eliezeri, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, hupita ofisini kila Jumatatu. Anagusa kila kitu: kufuli, mhuri, kingo za vitabu. Kwenye ibada ya Meza ya Bwana, ya mkate na divai, yeye ndiye anayewahesabu watu na kuwapanga mistari. Leo aliniona na spika za masikioni.

"Karani wa kanisa hasikilizi redio kazini."

"Samahani, mzee."

Aliangalia daftari langu la kazi. "Mwandiko mzuri. Mimi nilikuwa karani kwenye meza hii hii, unajua?"

Sikujua. Nilisema ndiyo.

Alhamisi, 4 Desemba

Nimekwenda kwa Mzee Aroni. Nilijitungia sababu: kompyuta inadai tarehe za kuzaliwa. Nyumba iko nyuma ya shamba la misonobari. Alikuwa jikoni anaota moto na binti yake Tusajigwe, mama wa makamo, ambaye jina lake nililitambua mara moja kuwa la kwetu. Marehemu mama yake alikuwa Mnyakyusa.

"Kamwene," nikasalimu kama watu wa huku. "Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umetumwa na Eliezeri?"

"Hapana. Mimi ni karani. Nahitaji tarehe yako ya kuzaliwa kwa ajili ya kompyuta."

"Kompyuta inataka kunifanyia sherehe?"

Tusajigwe akacheka, akanisogezea kigoda. Mzee akaniangalia mikono.

"Wewe ndiye besi," akasema.

"Umejuaje, babu?"

"Jumapili ya kwanza ulipiga kama mtu anayebisha hodi. Jumapili iliyopita ulipiga kama mtu anayekimbizwa na mbwa. Ukuta ule ni mnene, binti. Sauti za watu zinabaki ndani. Kwangu inafika besi tu. Nimewasikia tisa kupitia ukuta ule. Wa tatu alikuwa anapasua kuni."

Nyimbo za kanda nilizihamishia zamani kwenye simu. Niliuwasha wimbo wa tatu nikaiweka simu kwenye kigoda. Alisikiliza mpaka mwisho bila kutikisika.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Ni wewe, babu."

"Sijawahi kujisikia," akasema. "Walirekodi, kila mtu akaenda zake. Kumbe nilikuwa naegemea upande mmoja hivi!"

Nikafungua mdomo nimwage maswali yote. Akainua mkono. "Swali moja kila ukija. Ukiyaleta yote leo, kesho utakuja kufanya nini?"

Ijumaa, 12 Desemba

Swali la leo: kwa nini noti mbili tu katika wimbo wa kwanza? Jibu: siku ile alikuwa na kidole kilichokatwa na panga. "Tulipopona mimi na kidole, watu walikuwa wameshazipenda mbili."

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Mvua ya upepo. Alikaa nje na mwavuli, ibada yote. Hakuna aliyemtazama. Nadhani si ubaya, ni mazoea, na sijui kipi kinatisha zaidi.

Alhamisi, 8 Januari

Leo nimeuliza kuhusu kuchelewa.

Alicheka. "Hiyo nilijifunza hapa hapa, kanisani, nikiwa mdogo. Hujawasikia watu wa huku wanavyoimba? Mwalimu anaanzisha, hakuna anayeingia naye. Kila mtu anasubiri asikie jirani yake ameanza. Halafu wanaingia wote, wamechelewa pamoja. Nilipofika Mbeya wenzangu wakasema, 'Kalinga, unachelewa.' Nikawaambia kwetu kuchelewa huku ndiko kuwahi."

Njiani nilisimama kwenye matope nikifikiri. Kile kinachoitwa mziki wa shetani, alikitoa kwenye mabenchi yetu.

Jumapili, 18 Januari

Ubao ulikuwa mtupu. Nilikosea mara tano.

Alhamisi, 22 Januari

Ni moyo. Tusajigwe amempeleka baba yake hospitali Tosamaganga. Moyo umetanuka, wamemwambia apumzike, asipande vilima. Nyumba yake iko juu ya kilima.

Jumatatu, 2 Februari

Tusajigwe alikuja ofisini, kitenge kimelowa mpaka kiunoni.

Anataka baba yake arudi kundini kabla ya Pasaka. Mtu aliyetengwa hazikwi na mchungaji, hapigiwi kengele, halazwi kwenye makaburi ya kanisa. Mama yake amelala pale tangu 2009. "Siku tunamzika mama," aliniambia, "baba alisimama nje ya uzio kama mpita njia. Udongo wake nilimwekea mimi. Sasa na yeye tumzike wapi? Nyuma ya zizi?"

Mchungaji amekubali. Mzee Eliezeri amesema sawa, lakini utaratibu ufuatwe: asimame mbele ya usharika atubu kwamba kupiga ule muziki ilikuwa dhambi. Maneno ya toba niyaandike mimi.

Jumapili, 8 Februari

Niliyaandika kwa upole kadiri nilivyoweza, nikampelekea Mzee Aroni. Ameanza kukaa tena, lakini anahema kwa shida.

"Pombe nitatubu," alisema. "Kumjibu vibaya baba yangu nitatubu, hata mara mbili. Besi siitubu. Ningekuwa nimeiba ningesema nimeiba."

"Baba, ni maneno mawili tu!" Tusajigwe alisema.

"Ndiyo maana hayanipiti. Yangekuwa mengi ningeyachanganya na mengine."

"Unataka nikuzike kama mbwa?"

"Mbwa hana deni la kusema uongo kanisani."

Binti alitoka nje. Mimi nilibaki nikiangalia moto. Sikujua upande wangu ni upi. Kisha mzee akanionyesha barua aliyokuwa ameihifadhi kwenye kopo la majani ya chai. Ya tarehe 12 Aprili 1980, ina mhuri wa usharika na sahihi ya mchungaji wa wakati ule: tangu leo umetengwa na Meza ya Bwana. Mwandiko wake umenyooka, unapendeza.

"Aliileta Eliezeri mwenyewe, asubuhi, mvua inanyesha. Alikuwa ameifunika kwa mfuko wa mbolea isilowe. Kijana mwangalifu sana."

Niliipiga picha. Fomu ya kurudi kundini inataka tarehe ya kikao kilichomtenga na namba yake kwenye kitabu.

Jumanne, 17 Februari

Nimekifungua kile kitabu cheusi. Kuanzia 1974 hadi 1986 kuna watu thelathini na mmoja, wamepewa namba moja hadi thelathini na moja, hakuna ukurasa uliochanwa. Aroni Kalinga hayumo.

Nikafungua mihtasari ya wazee. Nanakili kama ilivyo:

"12 Aprili 1980. Kikao hakikufanyika. Mto umefurika, wazee saba wameshindwa kuvuka. Ajenda ya Aroni Kalinga imeahirishwa hadi kikao kijacho. Karani, Eliezeri."

Kikao kijacho ni cha tarehe 10 Mei. Wamezungumza juu ya bati na juu ya mahindi ya mavuno. Jina lake halipo. Nimesoma mpaka mwaka 1990. Halipo popote.

Hakuwahi kutengwa.

Nimeweka picha ya barua kando ya muhtasari. Tarehe ni ile ile, mwandiko ni ule ule.

Jumatano, 18 Februari

Jumatano ya Majivu. Mvua. Sijasema.

Alhamisi, 19 Februari

Mvua. Sijasema.

Jumatatu, 23 Februari

Mzee Eliezeri alipita, akagusa kufuli, akauliza kama maneno ya toba yako tayari. Nilisema bado kidogo. Sijasema.

Jumamosi, 28 Februari

Najiuliza: nikisema, naharibu nini? Nisiposema, naharibu nini? Kwa swali la kwanza nina orodha ndefu. Kwa la pili nina mtu mmoja, juu ya kilima.

Jumatatu, 2 Machi

Mzee Eliezeri alipoingia leo nilikuwa nimekifungua kitabu mezani. Sikupanga kusema. Nilikigeuza tu upande wake.

Alivaa miwani, akafuata maandishi kwa kidole. Kidole kilifika kwenye jina lake mwenyewe kikasimama.

"Umemwonyesha nani?"

"Hakuna, mzee."

Akaketi kwenye kiti cha wageni. Sijawahi kumwona ameketi humu.

"Barua za kutenga ziliandikwa kabla ya kikao," alisema. "Mchungaji alikuwa anatembelea mitaa, akipatikana anasaini kabisa. Uamuzi ulikuwa unajulikana. Kwa Aroni ni upande wangu wa mto, nikaona nimpe asubuhi nikielekea kikaoni, nisirudi njia ile mara mbili. Nilipofika kanisani hakuna mtu; nikashuka mtoni, daraja halionekani. Wenzangu wako ng'ambo, wananipungia nirudi nyumbani."

"Na baadaye?"

"Nilingoja mtu aulize. Hakuna aliyeuliza. Kila mtu alijua Aroni katengwa, si haji Mezani? Mchungaji akahamishwa mwezi wa tano." Alivua miwani. "Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Na mimi nilikuwa kwenye majaribio."

Niliangalia mikono yangu.

"Andika alitengwa, mwanangu. Atubu kidogo, watu wapige vigelegele, azikwe na mkewe. Nani ataumia?"

"Amekataa kutubu, mzee."

"Mbembeleze wewe. Anakupenda."

Mlangoni aligeuka. "Majaribio yako yanaisha lini?"

Nimekaa saa nzima nikijaribu kujua kama lile lilikuwa tishio au swali tu. Bado sijui.

Jumanne, 3 Machi

Nimeandika kwenye kompyuta: Kalinga, Aroni. Ametengwa 12/4/1980. Herufi zote sahihi. Tangu nianze kazi nimeogopa kukosea jina la mtu, na hili sikulikosea hata nukta. Nililitazama mpaka umeme ulipokatika.

Umeme uliporudi sikuwa nimelihifadhi. Sikuliandika tena.

Jumatano, 4 Machi

Ni marufuku kutoa kitabu ofisini. Nilikifunga kwa nailoni tatu nikapanda nacho kilimani.

Niliwasomea Mzee Aroni na Tusajigwe mara mbili. Mzee akaomba nisome mara ya tatu, polepole.

"Mvua," akasema.

"Ndiyo, babu."

"Miaka arobaini na mitano nimekaa nje kwa sababu ya mvua."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka Tusajigwe akamshika mgongo. Yeye hakucheka. "Na mama?" alisema. "Mama amekufa akijua ameolewa na mtu aliyetengwa. Alikuwa akienda Mezani peke yake, anarudi hamwangalii mtu. Eliezeri alimpangia mstari kwa mkono wake!"

Mzee alichochea moto.

"Niliporudi kutoka Mbeya nilikuja na besi yangu," alisema mwishowe. "Ya kwanza katika tarafa hii. Nilitaka niombe kupiga kwenye kwaya. Barua ilipokuja niliiweka darini, nikasema nitangoja waniite. Panya wakala waya, mchwa wakala shingo. Kidole changu hakijagusa uzi tangu siku ile."

Nilitaka kumwambia kwamba mimi nimepiga, kwamba kila nilichojua kilitoka kwake, kwamba huku yeye akingoja kuna mtoto alikuwa Iyunga ameweka sikio kwenye spika. Nilimwambia, vibaya vibaya, nikichanganya maneno. Alinisikiliza vile alivyosikiliza simu, bila kutikisika.

"Basi ulikuwa unachelewa kwa niaba yangu," akasema.

"Utamfanya nini Mzee Eliezeri?" nikauliza.

"Sijui. Huu moyo hautaki nikasirike haraka. Nitakasirika kidogo kidogo."

Alhamisi, 5 Machi

Nimempelekea Mchungaji kitabu na barua. Nilisema sentensi niliyoikariri njiani, nikasahau mwisho wake. Alisoma kimya. Kisha akasema, "Ajenda iliyoahirishwa haijafungwa. Itisha wazee."

Jumamosi, 14 Machi

Kikao. Wazee wanane, Mchungaji, mimi na kalamu yangu. Mvua juu ya bati ilikuwa kubwa, ikabidi nisome kwa sauti. Sikujua kama ninayo. Nilisoma muhtasari wa tarehe 12 Aprili 1980 kuanzia neno la kwanza mpaka jina la karani.

"Nani yuko hai wa wakati ule?" Mchungaji aliuliza.

Mzee Eliezeri alisimama. Wiki mbili nimeogopa atakachosema, nimekitunga kila namna. Alisema kwa ufupi.

"Barua niliipeleka mimi kabla ya kikao. Kikao hakikukaa. Nilijua. Nilinyamaza."

"Miaka yote hiyo, Eliezeri?" alisema mzee mmoja. "Na wewe ndiye unayetuhesabu Mezani?"

Aliketi taratibu.

Mchungaji akasema ajenda bado iko wazi: kuna anayetaka leo kumtenga Aroni Kalinga kwa kupiga muziki Mbeya? Hakuna mkono ulioinuka. Mama Yusta, ambaye naye ni mzee wa kanisa, na ambaye mwezi wa kumi na moja aliniambia habari za shetani, alikohoa.

"Huyu binti anapiga lile lile dude kila Jumapili karibu na madhabahu," alisema. "Na mimi nacheza. Mkianza kutenga, mtamaliza saa ngapi?"

Niliandika: ajenda imefungwa, hakuna dosari juu yake. Mzee Eliezeri ameacha uenyekiti. Alisema pia hatakaribia Meza. Mchungaji akamwambia hilo si la kuamua peke yake; akainamisha kichwa tu.

Walipotoka Mchungaji aliniita. Kitabu nimekitoa ofisini bila ruhusa, nisirudie. Na kwenye mwaka 1981 nimeandika mwezi Mei mara mbili. Nikasubiri la tatu, kwamba kazi yangu imeisha. Halikuwepo.

Jumapili, 22 Machi

Ubao mtupu, na ndani pia hayupo. Tusajigwe amesema: "Ngoja. Anakasirika bado."

Alhamisi, 2 Aprili

Alhamisi Kuu. Ibada ya saa kumi jioni, Meza ya Bwana.

Mzee Aroni aliingia tukiwa kwenye wimbo wa pili, ameshika mkono wa Tusajigwe. Hakuna aliyegeuka, lakini kwa nilivyowajua sasa, waliona wote. Alikaa benchi la tatu. Mzee Eliezeri alikuwa benchi la mwisho kabisa, karibu na mlango.

Hapa kwetu watu wanane hupiga magoti pamoja, na Mchungaji haanzi kugawa mpaka mstari ujae. Leo hapakuwa na mtu wa kuhesabu. Mstari wa Mzee Aroni ulitoka na watu saba, na nafasi iliyobaki ilikuwa kulia kwake. Mchungaji akasimama na sahani, akingoja. Beti za wimbo zikaisha. Mwalimu wa kwaya alinitazama. Nikaendelea peke yangu, taratibu, noti mbili.

Mwanamke mmoja akainuka kwenda kujaza. Mzee Aroni akaweka kofia yake kwenye ile nafasi. Kisha akageuza kichwa.

"Eliezeri," akasema. Hakupaza sauti. "Njoo ujaze mstari."

Kule nyuma Mzee Eliezeri alitikisa kichwa.

"Njoo. Sijakusamehe bado, lakini magoti yananiuma."

Mtu mmoja wa sauti ya nne alicheka, akaziba mdomo. Mzee Eliezeri akasimama. Njia ya katikati ni ndefu, nami sikuwahi kuiona ndefu vile. Alitembea akishika benchi moja baada ya jingine, na mimi nilizipigia besi hatua zake, nikimsubiri kila aliposimama. Alipofika mbele, Mzee Aroni akaondoa kofia. Kushuka magotini kukamshinda Mzee Eliezeri. Akahangaika, mkono ukitafuta pa kushika hewani, mpaka ukapata bega la koti jeusi. Bega halikusogea.

Mchungaji akaanza na wao wawili.